Sirene mu kaseti ya tata

Mwezi yenye ilipita balinialika ku ndoa moya hapa Kolwezi. Orkestre ikaingia: bijana batano, miwani nyeusi, magitare ya kung'aa, na hata waya moya yenye kufungwa hakuna. Muziki yote ilitoka mu kintu kidogo sawa kidole, yenye banachomekaka ku ordinatere, ile kompyuta yabo. Mujukuu wangu akaninongoneza: "Nkambo, aba banatudanganya." Nikacheka mupaka meno yangu ya kuweka ikataka kutoka. Ile mayele niliijua mbele baba yake azaliwe. Na mutu mwenye aliiharibisha, njo mi.

Ikala kidogo, nikuelezee.

Ile myaka ya Zaïre tulikuwaka mu kambi ya batumikaji. Manyumba ilifananaka sana; siku moya nilikula bukari yote kwa jirani mbele nijue haikukuwa kwetu. Maisha ilifuataka sirene. Ikilia, batata banavaa kofia ya kazi, banapanda kinga zao za magurudumu mbili, poste ingine, ni kusema zamu ingine, inaingia ku kazi. Hata siku ya Mungu, saa ya misa, mine ya shaba haikulalaka.

Tata, baba yangu, alitumikaka ku mine ya Mutoshi, na mu orkestre ya kambi alipigaka gitare. Siku moya jirani akaleta radio-kaseti mu lupango yetu, bamurekodie tata peke yake, ili benzake bajifunze lwimbo mupya. Masomo ilishanichoka ku sixième, darasa ya sita, lakini kufinya buton nilijua, basi ile kazi ikakuwa yangu. Tata anasema: "Tungoje kwanza sirene ya poste ya pili ipite." Nyuma ya nyumba mama alikuwa anapika bitumbula, harufu ya mafuta inanivuta sawa mbuzi ku kamba. Nikasema: "Ilishapita, tata. Haukusikia?" Nikafinya.

Katikati ya lwimbo, pale gitare ilikuwa inapanda muzuri, sirene ikalia. Tata aliniangalia tu, akaendelea mupaka mwisho. Kisha, tukirudilia ile kaseti, hakuna mwenye alisikia sirene, hata mi. Tulishaizoea, masikio inairuka, sawa vile mutu hasikiaka kupumua yake.

Miezi kidogo kisha, mashini ya ku kazi ikamukata tata bidole bitatu bya mukono ya kushoto. Akatundika gitare ku ukuta, akakuwa anaiangalia sawa picha ya mufu. Mu kambi bakaanza kumuita "tata wa mukono".

Fête, sikukuu ya kambi, ikakaribia. Chef wa orkestre akakuja kwetu.

"Tata, utaikala tu na gitare yako. Kaseti itakuwa nyuma ya kitambaa ya rideau, sisi tutapiga juu yake. Nani atajua?"

"Mi nitajua."

Mama akasema ku mulango: "Na ukibakia hapa na ule ukuta, tutakuzika. Enda."

Akaenda. Alitaka bamuone mara moya tena sawa mupiga gitare. Hapana zaidi.

Siku ya Mungu, muchana, sale, ile nyumba kubwa ya michezo, ikajaa. Tata ndani ya abakosti, ile koti ya Zaïre bila kravati, mukono ikajificha ku shingo ya gitare. Mi nyuma ya rideau, jicho ku kitundu, nikafinya buton. Bamama bakacheza. Jirani ingine akamuambia mwenzake: "Ona, na bidole bibili. Weye na kumi yako unashindwa kubeba chupa bila kumwanga." Tata akasikia, akatabasamu. Ile tabasamu tulikuwa hatuioni tangu hospitali.

Kisha, mu ma-baffle makubwa ya sale, ile masanduku ya sauti, sirene ikalia.

Batata ba poste ya pili bakasimama bote. Hakuna mwenye aliangalia saa, na saa ilikuwa bado. Mikono ilishashika kofia, miguu ilishafika ku mulango. Mupiga ngoma akatupa bijiti, juu ye pia alikuwa wa ile poste. Muimbaji akaacha mikro. Hata mama alisimama kutafuta chakula ya tata ya kubeba, sawa mbele ya ajali. Kukabakia gitare ya kaseti peke yake, inalia muzuri, na tata mbele ya bantu bote, mikono haitembei.

Bakageuka moya moya. Nilitaka kufinya ili kaseti inyamaze, kidole ikakataa. Tata akatosha mukono ku gitare, akaiweka wazi juu ya magoti. Hakuna mwenye alicheka. Jirani mwenye alikuwa anamusifu akavua kofia ya kazi. Bengine nabo bakavua. Bakasikiliza, bamesimama, mupaka kaseti ikaisha.

Ku nyumba nilingoja fimbo. Tata akaniuliza tu: "Bitumbula ilikuwa tamu?" Nikalia mupaka nikalala.

Hakupanda tena mbele ya bantu. Lakini tangu ile siku, batata ba poste bakipita kwetu na kinga, balimuamkiaka: "Jambo, mupiga gitare." Ile ingine jina ikakufa.

Leo ile sirene haiiti mutu. Ile kaseti, myaka na vumbi biliikula. Batata ba kinga balikufa, bengine balibafukuza, balipanda treni na bintu byabo mu mafuko, hatukubaona tena. Ku ile ndoa nilitega sikio ku muziki ya bijana. Nilingoja hata kuku alie mule ndani, hata mama moya aite mutoto. Hapana. Ilikuwa safi, sawa nyumba yenye hamuna mutu.

"Nkambo," mujukuu anasema, "lwimbo ilishaisha. Unangoja nini?"

Nikamuambia: "Sirene."