Mzigo wa Mpiga Tarumbeta

Juzi niliona kwenye televisheni bendi ya jazi ya chuo kikuu ikipiga nyimbo za opera kwa matarumbeta, nikasikia tena harufu ya vumbi la Tabora.

Bendi kama hiyo ilikuja kwetu nikiwa mtoto, ikapiga nyimbo za namna hiyo uwanjani, wazee wakisikiliza kimya kama wako msibani. Baba alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam kabla sijaijua sura yake. Bibi alizoea kunisimulia kwamba zamani wapagazi wakirudi kutoka pwani walipuliza baragumu, na kila mtoto akakimbia kumpokea baba yake mzigo.

Kwa hiyo matarumbeta yaliponyamaza, nilimkimbilia mpigaji mmoja.

“Shikamoo baba. Nikupokee.”

Alikuwa kijana mdogo tu, sasa najua. Akacheka, akanipa kasha la tarumbeta. Nikalibeba kichwani hadi stesheni, likininukia mafuta na shaba, nikiwatazama kwa maringo watoto wenzangu.

Kwenye mlango wa behewa akalichukua.

“Ahsante sana. Msalimie baba nyumbani.”

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: “Zimefika.”