Mshika Mikoba

Kila kiangazi, siku ya kanisa lao kwenda kwenye bustani ya michezo, Verna Sedlak aliketi kwenye benchi na mikoba ya watu mapajani. Mumewe, Emil, alipanda ile treni ya reli za mbao, inayokwea kilima taratibu ikikwaruza kisha inajitupa chini kama imekatika kamba. Kabla ya kwenda alimuuliza mara moja tu, "Unakuja?" Verna alijibu haendi, naye Emil hakurudia.

Mwaka huu Emil hayupo, walimzika wakati wa theluji. Verna akapanga foleni peke yake.

"Mama, hapa hapandi mtu mmoja," mwendeshaji akamwambia. "Tafuta mwenzio."

Msichana aliyekuwa nyuma yake, Janelle, akacheka. "Twende wote, bibi. Ila shikilia meno, mimi sirudi kuyaokota."

"Meno ni yangu, binti. Wewe shikilia hizo nywele za dukani."

Wakapanda. Kwenye mteremko wa kwanza Verna alipiga ukelele, kwenye wa pili akacheka kwa sauti kuliko watoto. Treni iliposimama alikuwa analia.

"Jamani, bibi, kumbe uliogopa hivyo?"

"Sikuogopa. Sijawahi kuiogopa hata siku moja. Nilikuwa namwambia mume wangu siendi ili anibembeleze kidogo."

"Na yeye?"

"Emil? Ukimwambia huendi, anajua huendi."

Janelle akamshika mkono, wakateremka ngazi polepole.