Shoka la Kuzikwa

Pale Mkunya, mtu akitaka kujua msemo wowote wa Kiingereza anaelekezwa kwa Mwalimu Walter. Asiyetaka pia humpata, maana Mwalimu alistaafu yeye, ulimi wake haukustaafu.

Wengi walimkwepa. Jirani yake Hamidu peke yake ndiye aliyemsikiliza kwa hamu, jioni barazani, wakitafuna muhogo wa kuchoma. Hamidu haridhiki na maana tu, anataka na chanzo. Kwa Mwalimu, huyo ndiye mtu wa maana kuliko wote wilayani.

Halafu Hamidu akakata tawi la mkorosho wa mpakani, uliopandwa na marehemu baba yake Walter. Tawi lilikuwa limelalia mahindi yake, haki alikuwa nayo. Lakini Mwalimu alipandwa na hasira, akamtukana mbele ya watoto wa Hamidu. Tangu siku hiyo wakawa wanapishana njiani kama hawajuani, na misimu miwili ya korosho ikapita hivyo. Mwalimu alinyong'onyea. Misemo alibaki kumwambia mkewe, Mama Nancy, naye alikuwa akiisikiliza huku anasinzia.

"Si uende ukamwombe radhi?" Mama Nancy alimwambia.

"Nitaanzaje?"

"Kwa Kiswahili."

Mwalimu aliona haya, na haya ya mtu mzima ni mzigo. Asubuhi moja alichukua shoka na jembe, akaenda mpakani, akaanza kuchimba shimo chini ya ule mkorosho. Hamidu, aliyekuwa akifyeka upande wake, alivumilia weee, mwisho akashindwa.

"Mwalimu, unamzika nani?"

"Shoka," alijibu bila kuinua uso. "Waingereza wakipatana husema *bury the hatchet*. Yaani, zika shoka."

Hamidu aliegemea fyekeo lake. "Wameutoa wapi huo?"

Mwalimu aliliacha jembe, akainua uso. "Si wao walioanza. Wameuokota Amerika, kwa wenyeji wa kule. Watu wakichoka kupigana, walizika mashoka yao ya vita. Anayetaka ugomvi tena, aanze na kibarua cha kufukua." Hapo misemo ikamwishia. "Nilikukosea, Baba Faidha. Nisamehe."

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," alisema Hamidu. "Na mimi nilipaswa kukuuliza kabla ya kukata." Akasogea, akachungulia shimoni. "Ila wenzetu hao walizika ya vita. Hili ni la kuni. Mpini wote huo uuachie mchwa? Niazime, Mama Faidha hana kuni."

Majirani walionuniana hawaazimani hata chumvi. Mwalimu alilijua hilo vizuri, akalikabidhi lile shoka kwa mikono miwili. Alifukia shimo lake tupu, akarudi nyumbani, akakaa kusikiliza kuni zikipasuliwa ng'ambo ya mpaka.

Jioni Mama Nancy alimtuma akalidai shoka, apate kuni za kupikia. Mwalimu alikataa katakata. Alikwenda kuokota vijiti shambani mwenyewe, akamletea mkewe, kisha akatandika mkeka barazani na kuweka muhogo motoni. Alitaka Hamidu alirudishe shoka kwa miguu yake, akae.