Siafu Ndani ya Sketi

Nimekana miaka mingi, leo nakubali: siku ile ya mavuno ya zabibu Makutupora sikucheza kwa kipaji. Sketi yangu ya mitumba ilijaa siafu. Harufu ya zabibu jikoni mwangu imenirudisha kule.

Shangazi alikuwa ameahidi kwamba binti atakayecheza vizuri ataketi na wanawake kupiga ngoma. Siafu hupanda kimya. Mmoja akiuma, harufu yake huwaamsha wenzake, wote wanauma. Niliruka, nikatikisa mabega, vumbi likatimka.

"Kumbe wa mjini anaweza!" wanawake wakapiga vigelegele. Nikapewa ngoma.

Asubuhi hii nimempigia Shangazi, nikaungama baada ya shikamoo. Akaangua kicheko.

"Wewe mtoto! Siafu tuliwaona tangu wakiwa magotini. Ngoma tulikupa kwa sababu uliumwa na hukutoka kwenye mdundo."