Samaki Tuliyemwacha Miambani

Dagaa wakubwa wa barafu wanapoyeyuka kwenye sinki hutoa harufu ambayo hakuna sabuni inayoiweza. Si harufu ya kuoza, wala si ya samaki mbichi. Iko katikati, ya chumvi na mafuta na chuma kidogo, na hung'ang'ania taulo, nywele na viti vya gari. Juzi jirani yangu aliacha mfuko wa chambo kwenye ngazi akaingia ndani kujibu simu. Nilikuwa nimebeba vitu vya sokoni mikono yote miwili, nikasimama pale nikashindwa kupanda. Nilikuwa nimerudi kwenye fleti yetu ya Liverpool, kitongoji cha Sydney, majira yale ya baridi mdogo wangu alipozaliwa kabla ya wakati.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama aliamka na maumivu ambayo hayakupaswa kuja bado, wakamkimbiza hospitali ya Westmead, na kabla ya jioni nikawa na mdogo wa kike asiyezidi sana kiganja cha Papa. Walimwita Zawadi. Alilazwa ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, kile ambacho Papa, kwa Kiswahili chetu cha Uvira, Kongo, alikiita kuvezi, na mirija ilimfunika hadi unautafuta uso wake unaukosa. Mama alihamia huko. Alikaa kando ya kioo kutwa, akikamua maziwa ya kupitishwa kwa mrija. Wauguzi walikuwa na kazi, madaktari walikuwa na kazi. Hata mimi nilikuwa nayo, kwa sababu Kiingereza changu kilikwisha kuwapita wazazi wangu, na mkalimani wa simu alipochelewa niliitwa mimi. Papa peke yake hakuwa na la kufanya.

Kule nyumbani alikuwa fundi cherehani. Huku alipanga masanduku ghalani. Alikuwa mtu wa mikono. Sasa kila akifika aliambiwa ainawe mikono hiyo hadi kwenye viwiko, kisha asiguse kitu. Basi alitembea. Alitembea kwenye korido ya wodi ile huku na huko, viatu vyake vikilia kwenye sakafu, mpaka wazazi wengine wakaanza kumtazama. Miongoni mwa wauguzi alikuwepo mama mmoja Mkenya aliyekaa Quakers Hill. Siku moja alimpigia simu mumewe palepale mbele yetu.

"Njoo umchukue huyu mzee," alisema. "Mpeleke nje kabla hajatoboa sakafu yetu."

Ndivyo Kimani alivyoingia maishani mwetu. Alikuwa mhasibu, mwembamba, mwenye koti la mvua lililomshuka hadi magotini. Alikulia karibu na Nyeri, penye mito baridi yenye samaki wanaoitwa trauti, na huku Sydney alikuwa amehamishia mapenzi yake kwa samoni. Wataalamu husema huyu si samoni wa kweli, lakini jina limeshamganda. Ni samaki mrefu kama mkono wa mtu mzima, mwenye mgongo wa kijani na nguvu za ajabu. Wakati wa baridi hupita kwa makundi karibu na fukwe, na akishikwa na ndoano huruka juu ya maji akitikisa kichwa mpaka aiteme. Kimani alimsimulia kama mtu anayemsema mkwe mkorofi.

Alifurahi mno kusikia tumetoka Uvira, kando ya ziwa, akidhani amepata mvuvi. Papa hakuwahi kuvua. Aliwashonea wavuvi suruali, na alichojua juu yao ni vipimo vya viuno vyao. Basi ikabidi aanzie chini kabisa, kwenye nyasi za bustani ya Quakers Hill, akirusha mshipi usio na ndoano, wenye kipande cha risasi tu mwishoni. Mara ya kwanza risasi ilirudi nyuma ikapita juu ya kichwa changu. Mara ya pili ilitua kwenye kamba ya nguo ya watu, ikajifunga kwenye shuka. Nilicheka, na Papa naye akacheka. Halafu akanyamaza ghafla na kutazama pembeni, kama mtu aliyeshikwa akicheka msibani.

Kila Jumamosi na Jumapili, baada ya kutoka hospitali, tulikwenda baharini. Alinichukua kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Kimani alitufundisha kusoma maji: pale mawimbi yanapovunjika meupe upande huu na upande ule, na katikati pakabaki giza tulivu, hapo chini pana mfereji, na samoni hupita humo kama watu wanavyopita uchochoroni. Alitufundisha kufunga fundo kwa mate. Upepo ulitupiga machoni, vidole vyetu vilikufa ganzi, na chambo kiliyeyuka na kutupaka harufu ile hadi kwenye mkate tuliobeba.

Shida ya Papa ilikuwa moja. Hakujua kuachia. Samaki alipovuta, naye alivuta. Kimani alikuwa akimkimbilia mchangani, koti likipepea, akimwita kwa jina langu.

"Usiforce, Baba Aline. Mpe mshipi. Wacha akimbie, atachoka mwenyewe."

Papa alikaza meno, akaizuia kwa kiganja rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Samoni aliruka mara moja, akang'aa, tukasikia mlio mdogo kama wa uzi wa cherehani unapokatika. Hivyo hivyo wiki ile, na iliyofuata. Papa hakulaani wala hakuitupa fimbo ya kuvulia. Alikaa tu mchangani, ananyoosha mshipi uliokatika kwenye goti lake, akiutazama. Sijawahi kumwona mtu aliyechoka namna ile.

Sikumbuki ni siku gani hasa nilipofanya mapatano yangu na Mungu. Nakumbuka tu kwamba tulikuwa tunarudi, mvua ilikuwa inanyesha, na nikasema moyoni, kwa Kiingereza kwa sababu niliona Mungu wa Sydney atanielewa haraka zaidi: tukimpata samoni mmoja, Zawadi ataishi. Nikaona ni ombi la haki. Sikuomba vitu viwili.

Kisha Zawadi akaugua. Kwake kuugua hakukuwa na homa wala kulia. Rangi yake tu ilibadilika, na mashine zikaanza kulia kila mara. Daktari, mwanamke mpole mwenye nywele fupi, alimweleza Papa kwa simu ya mkalimani, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia. Maambukizi yameingia kwenye damu. Tunafanya tunachoweza. Tunangoja. Mkalimani alipomaliza, Papa alishukuru kwa heshima, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mkalimani amesema yote. Nikamwambia ndiyo.

Mama alitutuma nyumbani tukalale kidogo. Ilikuwa Jumamosi mchana. Papa aliendesha, nikaona tumeipita njia ya kuingia Liverpool bila kukunja. Fimbo ilikuwa nyuma ya gari. Kimani hakuwepo, wala Papa hakumpigia simu, kwa sababu hatukwenda ufukweni. Tulikwenda kwenye miamba mirefu inayoingia baharini, mahali ambapo samoni hupita karibu kabisa na miguu ya mvuvi. Kimani alikuwa ametukataza mahali pale, na hakutukataza kwa mzaha. "Miambani hapana," alisema. "Huko bahari inachukua watu na haisemi kwamba inakuja."

Mwamba ulikuwa mkavu tulipofika. Jua lilikuwepo, jeupe, lisilo na joto. Papa aliniambia nikae nyuma, penye ngazi ya mawe, akasogea ukingoni na kurusha. Alirusha vizuri. Nilishangaa jinsi alivyokuwa amejifunza bila mimi kuona.

Samoni alikula karibu mara moja. Fimbo ilipinda, rili ikapiga kelele, na safari hii Papa hakuizuia. Aliacha. Mshipi ulikimbia, ukakimbia, na yeye akasimama ameinua fimbo juu, mdomo wazi, anampa. Samaki akaruka mbali kule, akaruka tena karibu zaidi, na ndoano ikashika. Samaki alipochoka, Papa akakunja; alipoamka, Papa akamwachia. Nilimwona ubavu wake ukigeuka chini ya maji, mkubwa, wa fedha. Nilisahau nilichoambiwa. Nilishuka ngazi nikakimbia hadi kando ya Papa, nikipiga makofi, nikilitaja jina la mdogo wangu.

Sikuliona wimbi. Niliona uso wa Papa ukigeuka, nikaona mkono wake unafunguka na fimbo inakwenda, nzima, na mshipi na samaki. Kisha mkono huo ukanikamata kifuani, kwenye nguo, akaniangusha chini na kulala juu yangu. Maji yalitupita yakiwa na uzito wa ukuta. Yalituburuta. Nilisikia mwili wake ukikwaruza kwenye magamba ya chaza. Alikuwa ameingiza vidole vya mkono mwingine kwenye ufa wa mwamba, na ufa ule ulitushika. Maji yalipoondoka alinibeba akapanda ngazi bila kutazama nyuma.

Garini nililia mpaka nikakosa pumzi. Nilimpiga begani.

"Umemwachia," nilisema. "Umemwachia."

"Ni samaki tu, mama." Aliniita mama, kama kina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Sisi tuko wazima."

"Si samaki tu." Na hapo nikamwambia yote, mapatano yangu na Mungu, na kwamba sasa Zawadi atakufa.

Papa aliegesha gari kando ya barabara. Nilidhani atanikemea, au atacheka. Hakufanya lolote. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, damu ikishuka kwenye kifundo cha mkono, akatazama mbele. Kisha akawasha gari tena, na badala ya kwenda nyumbani, akashika njia ya Westmead.

Tuliingia tumelowa, tukidondosha maji hadi kwenye lifti, watu wakitupisha. Mlangoni pa wodi Papa alisimama. Hakunawa mikono, hakuingia. Mama alipotuona kupitia kioo alitoka akikimbia.

"Iko anapumua?" Papa aliuliza.

"Anapumua," alisema Mama. "Wamebadilisha dawa, wanasema rangi inarudi kidogo. Lakini wewe umefanya nini? Mbona damu?"

Papa aliegemea ukuta, akateleza taratibu hadi akakaa sakafuni, akafunika uso kwa koti lake bichi. Niliona aibu mbele ya wauguzi. Nilidhani ni baridi na uchovu.

Zawadi hakupona siku ile wala siku iliyofuata. Alipanda na kushuka, alitutisha tena na tena, na majira ya baridi yakaisha naye akiwa bado chini ya kioo. Lakini alikuja nyumbani. Leo ana miguu mirefu na hasira za haraka, anatusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza.

Kimani alipojua habari za miambani alinyamaza kwa wiki nzima, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa adhabu kubwa. Kisha akaja na fimbo nyingine. Ufukweni, miguu ikiwa mchangani, Papa alimpata samoni wake wa kwanza asubuhi moja yenye ukungu. Alimvuta na kumwachia hadi samaki akaja mwenyewe kwenye maji ya magoti. Kimani alimtoa damu palepale na kumlaza kwenye barafu, kwa maana asipofanyiwa hivyo nyama yake huwa kama gazeti lililolowa. Mama alimpika na nyanya na pilipili. Alionja, akasema ana nyama nyeusi na harufu ya tope, hafikii hata mkia wa samaki wa kwetu. Kisha akala mpaka kichwa.

Mambo haya niliyaelewa mwaka jana tu, nilipojifungua mimi mwenyewe katika hospitali ileile. Papa alikaa kando ya kitanda amempakata mjukuu, na bila kuulizwa akasema, "Siku ile ulipolia garini ulinitisha sana. Nilidhani umesoma moyo wangu. Na mimi nilimwambia Mungu vilevile. Samaki moja, mtoto moja."

Nikamwuliza kama aliyakumbuka mapatano hayo wimbi lilipokuja.

"Hapana," alisema. "Mkono ulifunguka wenyewe. Kukumbuka kulikuja garini, wakati uliposema."

Tangu hapo naiona upya njia ile ya kutoka baharini hadi Westmead. Mtu yule aliyekuwa kwenye usukani aliamini kwamba ameachia mtoto mmoja ili amshike mwingine, na alikuwa anakwenda kuambiwa hivyo. Na njia nzima, kila taa nyekundu, alinyoosha mkono uliochubuka akageuza joto la gari lielekee upande wangu.