Pete ya Mama Riziki

Jamani, aibu niliyoipata Dallas siku ile sijaipata popote tena, na nawasimulia kwa sababu mmeahidi hamtacheka mpaka nimalize (Subira, wewe umeshaanza). Watu wakisikia mtu ametoka Kanada kuhamia Marekani wanaona kama amehama mtaa tu, kavuka barabara na masufuria yake, na hata mimi nilidhani hivyo. Nilizaliwa Moshi, wazazi wakanipeleka Winnipeg nikiwa mdogo, nikaila ile baridi mpaka nikapewa pasipoti ya Kanada, na huko huko nikakutana na Curtis, Mmarekani, fundi wa ndege, aliyekuja kwa kazi ya muda. Tukaoana. Kazi ikamrudisha kwao Texas, na mimi nikamfuata nikijua mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Maana kuolewa na Mmarekani hakukufanyi uwe Mmarekani. Tulikaa kwa mama yake Mansfield, karatasi zimeshapelekwa, tunasubiri kuitwa kwenye usaili wa ndoa, na muda wote huo mimi kufanya kazi marufuku, kutoka nje ya nchi marufuku hata nikisikia kuna msiba nyumbani, na gari siendeshi, na Mansfield bila gari wewe ni kama mtoto mchanga, hata mkate unangoja mtu akupeleke. Nikisikia gari la posta linapita, natoka mbio mpaka kwenye sanduku la barua. Halafu maneno ya watu! Kila Mswahili niliyekutana naye alikuwa na kisa chake, huyu binamu yake aliulizwa mume analala upande gani wa kitanda akakosea wakamrudisha kwao, yule aliulizwa rangi ya mswaki wa mkewe. Nikaanza kumchunguza Curtis akipiga mswaki kama askari kanzu.

Siku ya usaili ikafika, mwezi wa nane, joto la Texas mnalijua. Vidole vyangu vilivyozoea barafu tangu nifike vilikuwa vinavimba kama soseji, kwa hiyo kila nikikanda unga navua pete ya ndoa naiweka pembeni ya sinki. Na asubuhi ile, kwa wasiwasi tu, nilikanda chapati (nani alinituma? hakuna). Tukatoka. Curtis kashika usukani kwa mikono miwili, ananiuliza maswali ya majaribio, mama yangu alizaliwa wapi, kaka yangu anaitwa nani, na kwa kuuliza uliza akapitiliza njia ya kutokea, akafoka, akapiga usukani. Ndipo nikagusa kidole changu, nikakuta kitupu.

Sasa hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Tulikuwa tumetoka mapema, muda wa kugeuza ulikuwepo kabisa. Lakini nikamwangalia lile jasho linalomtiririka shingoni, nikasema moyoni huyu nikimwambia atapasuka, nikauficha mkono chini ya mkoba. Akaniuliza, "Uko sawa?" Nikamjibu, "Niko sawa."

Tumefika kwenye ofisi ya uhamiaji, Curtis kaenda kutafuta pa kuegesha, mimi nikakimbilia chooni kulia. Nikamkuta mama mmoja Mkongo anajifunga kitenge vizuri mbele ya kioo, baadaye ndiyo nikajua anaitwa Mama Riziki, wanakaa Fort Worth, naye na mume wake walikuwa na mambo yao ya karatasi pale.

"Eh, dada, unalia juu ya nini?"

Nikamweleza: usaili wa ndoa, sina pete, watasema ndoa ya uongo, watanirudisha Kanada mume wangu nimwache huku. Mama wa watu hakufikiri hata kidogo. Akaanza kuizungusha pete yake, ya dhahabu, nyembamba, akaivua.

"Kamata yangu. Ukitoka huko ndani utanirudishia. Mungu akusaidie."

Nikaisukuma. Iligoma kwenye kiungo, nikaipaka sabuni, nikasukuma tena, ikapita. Nikajiona nimeokoka. Nikamkumbatia kama dada yangu wa damu.

Hata kukaa kwenye kiti sikukaa sana, kidole kikaanza kudunda. Nikajaribu kuizungusha, haizunguki. Curtis akarudi, jina letu likaitwa, tukaingia.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, hana ubaya wala uzuri. Akatuambia tusimame tuape, tunyanyue mkono wa kulia. Mimi wa kushoto nilikuwa nimeshaunyanyua mwenyewe ili damu ishuke, nikanyanyua na wa kulia, nikabaki nimesimama mikono yote juu kama jambazi aliyekamatwa. "Mmoja unatosha," akasema. Nikashusha wa kulia. Curtis akanitazama kwa jicho la mke wangu amepatwa na nini.

Maswali yakaanza, na nawaambia sikumbuki hata moja, kwa sababu kidole kilikuwa kimetoka kwenye wekundu kikaingia kwenye zambarau. Nadhani niliulizwa tulifungia wapi ndoa nikajibu, "Alhamisi." Ofisa akaweka kalamu chini.

"Mama, mkono wako una nini?"

"Hauna kitu."

"Hebu nione." Nikauweka mezani. Na Curtis naye akainama kutazama, akasema kwa sauti kubwa, mbele ya serikali ya Marekani, "Hiyo pete ni ya nani?"

Ofisa akatuangalia kwa zamu, mimi, yeye, mimi, halafu akainua simu. Nilijua anaita watu wa kunifunga pingu. Kumbe anaita wazima moto, maana huku hao ndio wanaoitwa hata kwa kidole kilichobanwa.

Wakanitoa mpaka kwenye korido, pale pale mbele ya watu wote waliokuwa wanasubiri, wakanikalisha kwenye kiti, mijibaba miwili mirefu yenye mabuti. Wakapaka mafuta, wakavuta, nikapiga kelele, watoto wakapanda juu ya viti ili waone vizuri. Mmoja akatoa kimashine kidogo chenye msumeno wa duara, na mimi nilipouona ule msumeno nikapagawa, nikapayuka kwa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, "Msikate! Si yangu! Pete si yangu!"

Ofisa yuko mlangoni, kasikia. Curtis kasikia. Nikasema moyoni, basi tena, nimejirudisha Winnipeg kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mama Riziki akanyanyuka kutoka nyuma kule, akaja, akanishika bega. Akautazama msumeno, akatazama kidole changu.

"Waambie wakate," akaniambia. "Kidole haiote tena."

Wakakata. Kile kisauti chembamba, jamani, bado ninacho masikioni. Nikaipokea ile pete, ina mwanya, imepinda, nikaifunga kwenye tishu, na kabla sijamkabidhi mwenyewe tukaitwa tena ndani.

"Nimesikia vizuri?" ofisa akaniuliza. "Pete si yako?"

Nikamwambia yote. Sinki, unga, mama wa chooni. Na Curtis, badala ya kunisaidia, akageuka pale kwenye kiti.

"Tulikuwa na muda wa kurudi! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, unapiga usukani!"

"Sikupiga usukani!"

"Ulipiga! Na ulinifokea!"

"Niliifokea barabara! Na hizo chapati nani alikwambia upike leo?"

"Mama yako anazipenda!"

"Mama yangu anampa mbwa!"

(Subira, sasa cheka.) Miezi yote ile nakanda, na kale ka-mbwa kananenepa, na mimi nasema kumbe Texas hata mbwa wanashiba. Curtis akajua amevuka mpaka, akaanza kunishika mkono mzima, "Babe, nisamehe, mama hakutaka uumie," mimi nakataa, machozi yananitoka, na tumemsahau ofisa kabisa. Tulipokumbuka tukakuta amejifunika mdomo kwa faili. Akakohoa. Akatazama picha zetu za harusi, akauliza mambo mawili matatu ya kawaida, akapiga muhuri.

"Kuhusu ndoa yenu sina swali lingine," akasema. "Mengine mtaletewa kwa posta. Na kile kidole, kiwekee barafu."

Nje, Mama Riziki alikuwa amekaa na mume wake. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu, nikampa ile tishu kwa mikono miwili. Akaifungua kwenye mapaja, akaitazama. Mume wake, mzee mpole, ndiye aliyesema.

"Hii alivuka nayo ziwa, dada. Aliificha mu nywele. Askari walikamata vitu vyote, hii hawakuiona."

"Wacha, papa," mkewe akamwambia taratibu.

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Niliahidi nitamnunulia nyingine, nzuri zaidi, akatikisa kichwa. "Huyu alinivalisha hii," akasema, akaifunga tena kwenye tishu, akaitia kwenye kona ya kitenge, akapiga fundo.

Kadi yangu ya ukaazi ilikuja. Tulimbembeleza Mama Riziki mpaka akatupa ile pete, tukamtafuta sonara, Curtis na mimi, akaiunga, lakini kovu la kuungia lipo, kama uvimbe mdogo, na kila tukikutana na Mama Riziki kwenye harusi za watu anakuja kunikumbatia mbio mbio, na mimi naangalia juu, naangalia maua, naangalia chochote kile kisichokuwa mkono wake wa kushoto.

Kwa hiyo nimeapa. Siku hizi nikisahau kitu, hata kama ni chumvi, namwambia Curtis kabla hatujafika kwenye kona ya kwanza, afoke anavyotaka, apige usukani mpaka uvunjike, tutageuza tu. Anasema nimezidi. Mwacheni aseme.