Ukungu wa Shambani na Viwavi wa Msituni

Kasuba hakuwa mwoga wa viwavi. Tangu utotoni, hapa kwetu Kopa, mvua za kwanza zikishatulia huingia msituni kuokota mumpa, wale viwavi wanene wanaoliwa, wa kwenye miti ya mitondo. Huwakamua utumbo, akawachoma juu ya makaa na kuwaanika. Ada za shule za binti yake Lombe zilitoka humo. Mahindi yalikuwa ya kula tu, na tangu viwavijeshi waingie nchini, hata hayo ya kula yakawa ya kubahatisha.

Mwaka juzi alinyunyiza dawa ya dukani. Mikono ikamwasha mpaka akashindwa kushika mwiko, na wanunuzi wakaanza kunong'ona kwamba mumpa wake wananuka dawa, kwa kuwa shamba lake limepakana na msitu. Akaapa hataigusa tena.

Kwa hiyo Bwembya, mume wa Lombe, alipoleta pakiti ya unga wa ukungu, yaani kuvu, kutoka kwa bwana shamba, hakupokewa vizuri. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani. Bwembya alikaa nje nyuma ya ukuta wa jiko, Kasuba ndani, na Lombe akasimama mlangoni na mimba yake, akipeleka na kurudisha maneno ambayo wote wawili walikuwa wameshayasikia.

"Mwambie mumeo, huo ukungu unaua nini?"

"Anauliza unaua nini."

"Mwambie mama unaua viwavi."

"Basi muulize, huyo mke wake kalelewa na nini?"

"Hiyo umesikia mwenyewe," Lombe akamwambia mumewe.

Bwembya akaeleza taratibu. Vumbi la ukungu humnata kiwavi ngozini, likaota kama mbegu na kupenya ndani, likamla polepole. Kwanza kiwavi huacha kula, halafu hufa. Atanyunyiza jioni, maana jua kali huuharibu, na atalenga moyo wa kila mmea upepo ukiwa umetulia. Kasuba akataka kujua kama ukungu huo unatofautisha kiwavi na kiwavi. Bwembya hakumficha: mumpa wakimwagiwa, huenda nao wakafa. Ndiyo maana mistari ya karibu na msitu hataigusa. Huko ataokota viwavijeshi kwa mkono.

Jibu hilo likamlainisha Kasuba, akakubali. Angeambiwa ukungu haudhuru chochote, angemfukuza.

Baada ya kunyunyiza, viwavijeshi waliendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichotokea. Jirani yao Chola akawauliza kama wamewapaka viwavi poda wapendeze. Chifu alikuwa bado hajafungua msitu, hakuna aliyeruhusiwa kuokota, lakini kutazama hakukatazwi, na Kasuba kila asubuhi alienda kusimama chini ya mitondo kusikiliza kinyesi cha mumpa kikidondoka juu ya majani makavu kama manyunyu.

Asubuhi moja hakusikia kitu. Akakaa chini, akidhani ukungu umewafikia. Alituambia baadaye kwamba aliona aibu kuliko huzuni, kwa sababu alikubali mwenyewe unyunyizwe. Alipoinua macho tena akawaona mumpa kwenye tawi la chini, wameng'ang'ania bila kujongea, na kando yao ngozi kuukuu zilizosinyaa. Walikuwa wanajivua. Kiwavi anayejivua hali kitu. Jambo hilo alilijua tangu akiwa msichana, ila hofu ilikuwa imelifunika. Akakaa palepale mpaka mmoja akatambaa na kuanza kutafuna jani.

Akarudi kupitia shambani. Kwenye moyo wa mmea mmoja wa mahindi akakuta kiwavijeshi amekauka, mgumu kama kijiti, kafunikwa na unga mweupe ulioanza kuwa kijani. Mmea wa pili hivyohivyo. Majani machanga yaliyokuwa yakichomoza hayakuwa na tundu.

Lombe alipomfuata na uji alimkuta amelala kati ya mistari, kitenge usoni, anakoroma mchana kweupe. Akamwacha alale.

Msitu ulipofunguliwa, Kasuba alijaza vikapu. Wanunuzi walinusa mumpa wake, wakanusa tena, wakanunua. Mahindi nayo yalibeba, ingawa mistari ya karibu na msitu ilikuwa hafifu. Bwembya alipomtuma Lombe kuuliza kama mwakani aunyunyize ukungu mpaka ukingoni, Kasuba alicheka.

"Mwambie akome palepale alipokoma. Hiyo mistari nitaokota mimi."